Ala ya kupuliza ya kielektroniki ndani ya programu iliyozoea kinanda

Programu nyingi za kutengeneza muziki hudhani kwamba mezani pako kuna kinanda. Ukibonyeza kitufe cha kinanda, kompyuta hupokea namba moja ya nguvu ya pigo, yaani velositi, kati ya 1 na 127, na kuanzia hapo ukubwa wa noti hiyo hauko tena mikononi mwako. Mpulizaji hafanyi hivyo. Noti yake huanza ndogo, hujaa, hutetemeka, hupungua, hupanda tena kabla ya kukatwa na ulimi, na yote hayo ni pumzi moja. Kinanda hutuma nukta, pumzi hutuma mstari. Kasoro nyingi zinazomkuta mtu aliyechomeka ala kama EWI ya Akai, Aerophone ya Roland au WX5 ya Yamaha kwenye kompyuta hutokana na programu kuusoma mstari kama nukta, au kuusoma mara mbili.

Huku kusoma mara mbili ndiko kunakopoteza watu muda mwingi. Mafahali wawili hawakai zizi moja: velositi ikitawala ukubwa wa sauti na pumzi nayo ikiutawala, noti mbili zilizopulizwa sawasawa zitatoka tofauti, nawe utalaumu midomo yako bure. Kihisi cha pumzi hupata milisekunde chache tu za kukisia velositi mwanzoni mwa noti, na kisio hilo huyumba. Kama ala yako inaruhusu velositi isiyobadilika, iweke kwenye namba moja, mfano 100, uiache hapo. Kama hairuhusi, ifunge upande wa plagini, yaani programu ndogo ya sauti inayofanya kazi ndani ya programu kuu. Ukubwa wa sauti ubaki mali ya pumzi peke yake.

Tazama namba kabla ya kusikiliza

Usifungue plagini yoyote kwanza. Fungua programu ndogo ya kuonyesha ujumbe wa MIDI, lugha ambayo ala na kompyuta hutumia kupashana habari za noti: kwenye Mac iko MIDI Monitor, kwenye Windows iko MIDI-OX. Puliza noti moja ndefu kutoka kimya hadi nguvu yako ya mwisho, kisha rudi kimya. Utaona namba za noti, na katikati yake msururu wa ujumbe wa pumzi. Msururu huo unaweza kuja kama CC2 (CC ni ujumbe wa kontrola, control change), iliyotengewa pumzi katika MIDI. Kama CC11, ya ekspresheni. Kama CC7, ya volyumu. Au kama mkandamizo wa chaneli (channel pressure). Baadhi ya ala hutuma zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya ala uache mmoja tu.

Napendekeza CC2, kwa sababu programu chache sana zina kazi nyingine ya kuipa. CC7 iepuke. Kwenye Logic Pro, CC7 inayofika kwenye traki ya ala husogeza slaida ya volyumu ya traki hiyo, kwa hiyo kila pumzi inavuruga mizani ya mchanganyiko wako na unashangaa kwa nini slaida inacheza ngoma peke yake. Sababu nyingine ni ya kebo. MIDI ya pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na ujumbe mmoja wa baiti tatu huchukua karibu milisekunde 1. Ala inayotuma CC2, CC7, CC11 na mkandamizo kwa pamoja inatumia karibu milisekunde 3.5 kwa kila badiliko dogo la pumzi, na noti mpya hungoja foleni. Kwenye USB foleni hiyo haisumbui, lakini WX5 na EWI4000s hutumia pini tano, kwa hiyo huko ujumbe wa ziada ni mzigo halisi.

Sasa tazama masafa yenyewe. Ukiwa umetoa mdomo, namba iwe 0 kamili. Ukipuliza kwa nguvu ya mwisho ambayo ungeitumia kweli jukwaani, ifike 127 kwa shida kidogo. Ikifika 127 ukiwa nusu ya nguvu, nusu ya juu ya pumzi yako haina kazi. Punguza usikivu wa kihisi. Ikiishia 95, uongeze. Ikisimama kwenye 2 au 3 wakati ala imelala mezani, kizingiti, yaani kiwango cha pumzi kinachoanzisha noti, kiko chini mno, na hapo ndipo noti hukataa kufa. Pandisha kizingiti mpaka ukimya uwe ukimya, lakini usizidishe: kikipanda sana, noti za kunong'ona hazitaanza, na zikianza zitaruka kutoka kimya hadi sauti ya kati kama mtu aliyesukumwa.

Ala zenye vitufe vya kugusa, kama EWI, zina ugonjwa mwingine ambao hauonekani mpaka utazame namba: noti zinazorukaruka bila vidole kusogea. Mara nyingi chanzo si ala. Chaja ya kompyuta isiyo na waya wa ardhi huchafua vitufe vinavyotegemea mguso wa mwili. Chomoa chaja, fanya kazi kwa betri kwa dakika moja, utazame kama imetulia. Vidole vikavu mno navyo huleta hali hiyohiyo, na kidole gumba kikiinuka kutoka kwenye bamba lake la ardhi, vitufe vingine vyote hupoteza mwelekeo.

Kuchelewa

Mpiga kinanda huvumilia kuchelewa kwa sauti kuliko mpulizaji, maana mpulizaji hujisikia ndani ya kinywa chake mwenyewe: ulimi umeshapiga, sauti iko wapi? Lenga jumla isiyozidi milisekunde 10 tangu ulimi hadi sikio. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta huliandaa kwa mkupuo mmoja) ya sampuli 64 ni milisekunde 1.3, ya 128 ni 2.7, ya 256 ni 5.3, na ya 512 ni 10.7. Ongeza hapo muda wa kihisi, wa kebo na wa kadi ya sauti yenyewe. Kwa hiyo 128 ndiyo namba ya kurekodia, na 512 ni ya kuchanganyia, ukiwa umeweka ala chini. Kwenye Windows tumia dreva ya ASIO ya kadi yako. Bila hiyo namba hizi hazina maana.

Bafa ikiwa ndogo na bado sauti inachelewa, tazama traki kuu. Limita inayochungulia mbele, au ekwalaiza ya aina ya linia-fezi, inaweza kuongeza makumi ya milisekunde kwa kila kitu kinachopita hapo. Izime wakati wa kurekodi.

Vipokea sauti vya Bluetooth visitumike kabisa kwa kazi hii. Huchelewesha kwa milisekunde mia na zaidi. MIDI ya Bluetooth inavumilika kwa mazoezi, lakini pakiti zake huondoka kwa vipindi, na kwa vifaa vingi kipindi kifupi kabisa ni milisekunde 7.5. Mstari wa pumzi ukikatwakatwa hivyo, vibrato ya haraka hupata kingo.

Kujenga sauti inayopumua

Chukua Surge XT, sintesaiza (programu inayounda sauti) ambayo ni ya bure na ina chanzo cha pumzi tayari kati ya vyanzo vyake vya modulesheni, yaani vya kuibadilisha sauti ikiwa inalia. Anza na sauti tupu ya wimbi la msumeno. Badilisha namna ya kupiga iwe Mono ST. Sehemu ya "Mono" ni dhahiri: ala ya kupuliza ina noti moja. Sehemu ya "ST" ndiyo muhimu. Unapofunga legato, yaani noti zilizounganishwa bila ulimi, ala hutuma noti mpya kabla ya kufunga ile ya zamani, zikapishana kwa muda mfupi. ST inaiambia sintesaiza isianze upya envelopu, yaani mchoro wa sauti kuanza, kudumu na kufa, wakati noti zinapishana. Bila hiyo, kila kidole kinachosogea kinasikika kama ulimi. Na ukitumia sauti ya noti nyingi, kila mpishano unakuwa mlio mchafu wa noti mbili kwa pamoja.

Envelopu ya ukubwa iwe karibu haipo: ataki (kuanza) fupi kabisa, sasteni (kudumu) asilimia 100, rilisi (kufa) milisekunde 40 hivi. Watu huacha rilisi ya milisekunde 200 au 300 iliyokuja na sauti ya kinanda, halafu wanalalamika kwamba ulimi hausikiki. Hesabu ni rahisi: kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, noti nne ndani ya pigo moja ni milisekunde 125 kila moja, na mwanya wa ulimi kati yake ni mdogo zaidi ya hapo. Rilisi ndefu huujaza mwanya wote. Unataka mkia? Huo ni wajibu wa riva (reverb, mwangwi wa chumba), si wa envelopu.

Sasa mpe pumzi kazi. Punguza geini ya mwisho ya sauti hadi desibeli −30, kisha unganisha pumzi na geini hiyo ili iipandishe kwa desibeli 30. Kuna wanaoanzia −48 kwa kudhani ndiyo njia salama ya kupata ukimya, lakini hapo CC2 ikiwa 64, yaani nusu ya njia, sauti bado iko karibu −24 na ala inahisi nzito, kama inabidi usukume mlango. Ukianzia −30, nusu ya njia ni karibu −15. Kwa kulinganisha, mapendekezo ya MIDI kwa CC7 na CC11 hutoa karibu −12 kwenye 64. Ukimya wenyewe usihofie: pumzi ikishuka chini ya kizingiti, ala inafunga noti na envelopu inamaliza kazi. Hakikisha pia kwamba athari ya velositi kwa geini ni sifuri.

Ukubwa peke yake haujawahi kumdanganya mtu. Saksofoni au tarumbeta ikipulizwa zaidi haiongezeki ukubwa tu, inang'aa pia. Kwa hiyo pumzi hiyohiyo iunganishwe na filta ya kupitisha sauti za chini, yenye mteremko wa desibeli 24. Weka ukingo wake kwenye Hz 200, na pumzi iupandishe kwa oktava 4, hadi Hz 3,200. Kisha fanya filta ifuate noti kwa nusu au zaidi. Usipofanya hivyo, noti ya juu yenye msingi wa Hz 800 itazimwa na filta kila unapopuliza kwa upole, na utafikiri oktava ya juu imekosa hewa.

Linabaki suala la kulainisha. CC2 ina ngazi 128 tu, na ukipuliza polepole sana ngazi hizo husikika kama mkwaruzo, hasa kwenye filta yenye resonansi kubwa. Sintesaiza nyingi zina kipengele cha kulainisha ujumbe wa kontrola. Milisekunde 10 hadi 20 zinatosha. Ukiweka 100, mkwaruzo utaisha, lakini vibrato nayo itaondoka: mtetemo wa pumzi wa mara 5.5 kwa sekunde, ukipita kwenye ulainishaji wa milisekunde 100, hubaki chini ya theluthi moja ya kina chake. Kwenye milisekunde 10 hubaki karibu wote. Ala inayoonekana imekufa mara nyingi imelainishwa tu kupita kiasi.

Benda ya lami (pitch bend), yaani kupinda kimo cha noti, huwa tatizo dogo lakini la aibu. Ala hutuma tu umbali kutoka katikati, 8192 kati ya ngazi 16,384. Ni sintesaiza inayoamua umbali huo ni semitoni ngapi. Kama sauti uliyofungua imewekwa semitoni 12 juu na chini, kidole gumba kikigusa bamba la benda kwa bahati mbaya wimbo unatoka nje ya ufunguo. Weka 2. Kwa vibrato ya kung'ata mdomo, 1 inaweza kutosha.

Plagini zilizotengenezwa na wengine

Plagini za SWAM za Audio Modeling hukokotoa sauti papo hapo na husubiri ekspresheni ndipo zitoe sauti. Kwa kawaida husubiri CC11. Ukiipelekea CC2 bila kubadili mipangilio, unapata ukimya, na huo ni ukimya wa makusudi, si hitilafu. Ama ubadilishe ramani ndani ya plagini, ama uigeuze CC2 iwe CC11 kabla haijafika. Hizi ndizo plagini ambazo mpulizaji hahitaji kupigana nazo.

Maktaba za sampuli za okestra ni ngumu zaidi. Nyingi hutumia CC1 kuchagua tabaka, kutoka upigaji wa upole hadi wa nguvu, na CC11 kwa volyumu ya jumla. Ukiipeleka pumzi kwa CC1 pekee, mng'ao utabadilika vizuri lakini sifuri haitakuwa kimya, itakuwa upigaji wa upole unaoendelea. Ukiipeleka kwa zote mbili kwa kiwango kimoja, mafahali wamerudi zizini: sauti inapungua mara mbili na nusu ya chini ya pumzi inapotea. Gawanya eneo. CC1 ipokee pumzi moja kwa moja. CC11 ipokee mkunjo unaopanda haraka: pumzi 0 iwe 0, pumzi 20 iwe 100, kisha ipande taratibu hadi 127. Hivyo CC11 inafungua na kufunga mlango, na CC1 inafanya kazi ya muziki.

Kugeuza namba kuna mitego kulingana na programu. Logic Pro ina plagini ya MIDI iitwayo Modifier inayobadilisha CC2 kuwa namba nyingine. Ukitaka mbili, ziweke kwa mfululizo, ya kwanza ikiruhusu ujumbe wa asili upite. Ableton Live ina mtego wake: ukiifungamanisha CC2 na kitufe cha kuzungusha kwa njia ya MIDI Map, ujumbe ule haufiki tena kwenye traki, unarekodiwa kama otomesheni, na klipu ya MIDI inabaki na noti zisizo na pumzi. Kwa Reaper, tofautisha njia mbili zinazofanana kwa macho. "Learn" husikiliza ala iliyochomekwa sasa hivi. "Link from MIDI", ndani ya dirisha la modulesheni ya parameta, hufuata MIDI inayopita kwenye traki, ikiwa hai au imerekodiwa. Ukitumia ya kwanza, kila kitu kitakwenda sawa mpaka utakapobonyeza kitufe cha kusikiliza ulichorekodi.

Kuhariri bila kuua pumzi

Kunyoosha noti kwenye gridi ndiko kunakoharibu rekodi nzuri. Noti zinasogea, mstari wa CC2 unabaki pale ulipokuwa. Noti iliyovutwa mapema kwa milisekunde 30 itaanza wakati pumzi bado iko sifuri, kwa hiyo pigo la ulimi linageuka kuwa mvimbo laini. Iliyocheleweshwa itaanza pumzi ikiwa tayari imefika 90, na inalipuka. Kata kipande mahali pumzi inapofika 0, kisha sogeza sentensi nzima ya muziki pamoja na kontrola zake. Mahali hapohapo ndipo pa kuanzia kurekodi upya sehemu iliyokosewa. Usijiunge katikati ya pumzi. Mshono utasikika hata ukiuficha vipi.

Noti mzimu, zile fupi zinazotokea vidole viwili visipoinuka kwa wakati mmoja, zitafute kwa urefu. Chini ya milisekunde 25 karibu zote ni makosa; kwenye mapigo 120 na gridi ya tiki 960 kwa pigo, hiyo ni tiki 48. Ukiifuta moja, vuta mwisho wa noti iliyotangulia mpaka ipishane tena na inayofuata, la sivyo umetengeneza pigo la ulimi ambalo halikuwepo. Kwa sababu hiyohiyo, amri ya kuondoa mipishano ya noti, inayopendwa na watu wa kinanda, hapa usiiguse. Ala nyingi zina mpangilio wa kuchelewesha vitufe ili kuzuia noti mzimu zisitokee kabisa, lakini kila ngazi unayopandisha unailipia kwa kuchelewa. Nafuu kufuta chache baadaye.

Mwanzoni mwa kila kipande andika CC2 yenye thamani 0. Kipande kikikatwa pumzi ikiwa 70, sintesaiza itaikumbuka hiyo 70 na kuipa sauti inayofuata. Na washa kipengele cha programu kinachorudi nyuma kutafuta thamani ya mwisho ya kontrola unapoanza kusikiliza katikati ya wimbo, vinginevyo utadhani traki imeharibika.

Ukitaka safu ya tarumbeta tatu, puliza mara tatu. Kunakili MIDI moja kwenye traki tatu na kuzihitilafisha lami kwa senti chache kunatoa tarumbeta moja nene, kwa sababu pumzi zote zinapanda na kushuka kwa wakati mmoja. Heshimu pia mipaka ya ala unayoiigiza: saksofoni ya alto husikika takriban kati ya noti ya MIDI 49 na 80, tarumbeta kati ya 52 na 82. Natumia namba kwa makusudi, maana C ya kati, namba 60, baadhi ya programu huiita C3 na nyingine C4.

Uhamishaji wa ufunguo fanya mahali pamoja tu. Mtu aliyezoea vidole vya alto aweke ala ishushe semitoni 9, wa tenori 14, wa soprano au tarumbeta 2, na programu iachwe ipokee sauti halisi. Karatasi ya noti ikihitajika, programu ndiyo itakayoipandisha kwa ajili ya msomaji.

Baada ya saa moja hivi ya kupuliza, rudi kwenye ile programu ya kuonyesha MIDI utazame sifuri tena. Mvuke hugeuka maji ndani ya mrija, na maji yakikaribia kihisi thamani ya kupumzika huanza kupanda: 1, kisha 3, kisha noti isiyokufa. Usikimbilie kupandisha kizingiti. Toa mdomo wa ala, uinamishe ili maji yashuke, ufute, uiache kwa dakika chache, kisha pima upya kwa pumzi ile ndefu ya mwanzo.